Kioo cha Bafuni

Baba alikata vioo Kibuye miaka thelathini,
kalamu ya almasi nyuma ya sikio,
vidole vimejaa makovu meupe
yasiyosomwa na mtu ila mama.
Cha dirisha aliuza kwa futi. Cha bafuni,
kile chenye vipele mgongoni,
alikipandisha bei kidogo, akisema:
hiki hakikuonyeshi mtu, kinakupa mwanga wake tu.

Sikujua nitayahitaji maneno hayo ghorofa ya tatu,
dirisha likitazama ziwa na magugu yake,
mbele ya taa isiyozidi ukucha.

Ni taa bapa. Matabaka ya kaboni
yaliyolazwa juu ya kioo, yote kwa jumla
membamba kuliko utando wa maziwa yaliyopoa.
Ukiipa umeme huwaka uso mzima,
kijani cha mtama unaochipua.
Lakini pima. Nasike alipima, akapima tena:
miale mitano ikizaliwa, mmoja hutoka.

Minne iko wapi?
Imo humo humo.
Mwale ukifika mpakani umelala mno
kioo hakiupi njia.
Hurudi ndani, hugonga chini, hupanda tena,
kama mzee wa Manyatta na faili lake la shamba:
dirisha la nne, dirisha la saba, rudi Jumatatu,
mpaka ufie huko, umekuwa joto.
Zima taa za chumba uone: ukingo wa kioo unang'aa,
uzi mkali kuliko uso wenyewe.
Huko ndiko wachache hutorokea.

Tukasema, tuongeze umeme. Tukaongeza.
Iling'aa siku mbili.
Ya tatu ikaota doa jeusi katikati,
na doa likala.

Ikaja Aprili, hewa nzito ya kukamua.
Nasike alitandaza plastiki iliyoyeyushwa
akasahau kufunga dirisha.
Dawa ilipokuwa ikipaa, plastiki ilipoa,
na unyevu wa ziwa ukatua juu yake, matone kwa matone,
yakajipanga bila fundi wala rula,
kila tone na majirani sita.
Kisha yakakauka. Yakaacha vishimo.
Usubi mmoja naye alikuwa amenasa, mabawa wazi.

"Imeharibika," akasema, mkono uko juu ya pipa.

Ngoja, nikamwambia. Nikamtoa usubi kwa koleo,
nikamweka chini ya hadubini kwa udadisi tu:
jicho lake, safu kwa safu za vibonge,
kila kimoja kimegeukia upande wake.
Nikahamisha sahani kwenye vishimo.
Safu zile zile, zimefinywa kwa ndani.
Sikuwaza sayansi. Niliwaza bafu letu la Nyalenda,
asubuhi, mwanga ukinifikia hadi nyuma ya mlango
ingawa dirisha lilikuwa la shubiri mbili.

Tulimwaga silikoni, tukaiacha ndani ya joko usiku kucha,
tukabandua polepole tukiwa tumebana pumzi.
Vishimo vilikuwa vimegeuka vipele.
Tukaubandika mgongoni mwa taa.
Umeme ule ule, hata chembe haikuongezwa,
na mwale uliokuja umelala
ukakuta ukuta wenyewe umeinama kuupokea.
Tarakimu zikapanda: mia, mia na ishirini, mia na arobaini na tatu.
Nasike akaipiga mashine kofi, akidhani imekwama.
Haikukwama.
Bado miale mingi imo ndani. Hilo tuliliandika pia.

Jumamosi nilimpelekea baba kipande.
Akakipitishia kidole gumba, uso hadi mgongo,
kidole kilichokuwa kikitambua ufa kabla ya jicho.
"Laini," akasema. "Vipele viko wapi?"
Ni vidogo mno, baba, hata kidole chako hakivioni.
Akakiinua juani, akakunja uso.
"Futi moja mnauzaje?"
Nikamwambia hatujafika futi. Tumefika ukucha.

Akatafuta gazeti la juzi,
akakifunga, akakunja pembe zote nne,
akafunga tena kwa kamba ya katani,
ingawa nilimwambia mara mbili
kwamba hicho hakivunjiki.